Vitanzi vya BASIC: tusijikune pasipowasha

Leo tuongee kuhusu BASIC. Najua wapo watakaocheka. Lakini lugha hii, iliyozaliwa Dartmouth kule Marekani mwaka wa 1964 mikononi mwa John Kemeny na Thomas Kurtz, haijafa. Kila faili ya Excel yenye makro za VBA ina BASIC ndani yake, na Kenya hii ziko hesabu za vyama vya akiba, za shule na za maduka zinazotegemea makro hizo.

Kinachonikera ni ushauri unaotolewa. Mtu akiuliza namna ya kuharakisha kitanzi cha For...Next, anaambiwa: fupisha majina ya vigeu, futa maelezo, bandika amri tatu kwenye mstari mmoja. Ushauri huo haukuwa upuuzi ulipoanza. Kwenye Commodore 64 ya mwaka wa 1982, programu ilisomwa upya kila mara amri zilipotekelezwa. Kila kigeu kilitafutwa katika jedwali kuanzia juu, kwa hiyo kilichotajwa mapema kilipatikana upesi. Hata REM iliyokaa katikati ya kitanzi ilikula muda, maana ilibidi irukwe katika kila mzunguko.

VBA haifanyi hivyo. Programu hugeuzwa kwanza kuwa msimbo wa kati, na urefu wa majina na maelezo hauna gharama tena wakati wa kukimbia. Anayeandika x1 badala ya salioLaMwanachama haokoi hata chembe ya sekunde. Anachofanya ni kumtesa atakayerithi kazi yake.

Mengine yamegeuka juu chini. Integer ni mfano mzuri. Watu huichagua "ili programu iwe nyepesi", ilhali kwenye kompyuta za biti 32 na kuendelea Long haina uzito zaidi. Tena Integer ya VBA inaishia 32,767, na laha ya Excel tangu toleo la 2007 ina safu mlalo 1,048,576. Leja ya chama ikipita safu ya 32,767, makro inakatika kwa kosa la Overflow, na karani aliyeketi mbele ya wanachama hajui hata neno hilo lina maana gani. Hiyo ndiyo bei ya kasi ya kubahatisha.

Basi tufanyeje? Tupime. Kupima nako kuna adabu zake. Wengi huandika hivi:

t = Timer
For i = 1 To 1000000
   jumla = jumla + i
Next
Debug.Print Timer - t

Tuseme ujanja wako unaokoa nanosekunde 5 kwa kila mzunguko. Mizunguko milioni 1 inakupa milisekunde 5. Sasa, Timer hurejesha Single, yaani idadi ya sekunde tangu saa sita usiku. Ikifika saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili jioni, idadi hiyo inapita 65,536, na Single haiwezi tena kuonyesha hatua ndogo kuliko 1/128 ya sekunde, karibu milisekunde 8. Faida unayoisifu imezama ndani ya saa yenyewe! Na ukipima kuvuka usiku wa manane, Timer inarudi sifuri na unapata jibu hasi.

Kwa hiyo ongeza mizunguko mpaka kazi ichukue sekunde kadhaa. Rudia mara tano au zaidi, ulinganishe matokeo ya chini kabisa, kwa sababu programu nyingine zinazokimbia huongeza muda na hazipunguzi. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Kama unatumia QB64, kumbuka kwamba inapitia C++: chapisha jumla mwishoni, la sivyo kompaila ina ruhusa ya kufuta kitanzi ambacho matokeo yake hayatumiki.

Ukipima hivyo, utagundua muda unakoenda. Kuunganisha maandishi kwa s = s & "x" mara 10,000 kunaweza kunakili jumla ya herufi milioni 50, maana kila mara kamba yote inajengwa upya. Weka vipande kwenye safu ya vigeu kisha utumie Join mara moja. Kusoma seli moja moja ndani ya kitanzi ni safari ya kwenda Excel na kurudi kila mara. Soma eneo zima kwa Range.Value mara moja, ufanye hesabu kwenye kumbukumbu, kisha urudishe yote kwa mkupuo. Hapo utaona tofauti bila hata saa ya kupimia.

Kuna atakayesema mashine zetu nyingi ni kuukuu, na kila kidogo kinasaidia. Nakubaliana naye kuhusu mashine. Ndiyo maana nasema pima kwenye mashine ya karani, usipime kwenye laptopu yako mpya. Kidogo kisichoonekana hata huko, kiache, uhifadhi majina marefu na maelezo yako.

Mwenye ushauri wa vitanzi anaoupenda, aulete pamoja na vipimo vyake, aina ya mashine na msimbo wote, tujaribu pamoja.