MISALI NI MSALA WA WAZEE WETU



Magharibi ya Pemba, katika mkondo unaotutenga na Tanga, kiko kisiwa cha Misali. Mwenye kukitazama kwa jicho la mgeni huona mawe makali, miti iliyoinamishwa na kusi, na mapango yasiyo faida. Sisi twaona jingine. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo akataka msala. Ulipokosekana, akasema kisiwa chenyewe ndicho msala, kwa kuwa kimeelekea kibla. Juu ya mwamba huo babu zetu walipiga dago, wakaanika nyavu, wakangoja upepo utulie.

Mapenzi hayo si ya mdomo tu. Mwaka 1998 Misali na bahari yake viliwekwa katika hifadhi, na wavuvi hawakufukuzwa: palitengwa pa kuvua na pa kuacha. Mwaka 1999 wakakumbushwa kwa Qur'ani kwamba mwanadamu ni khalifa juu ya ardhi, si mwenye mali. Mafunzo hayo yalisaidia kuzuia baruti pale amri tupu zilipokuwa zimeshindwa. Jamaa zetu wa pwani ya Tanga, ambako baruti ilibomoa matumbawe miaka mingi, wanaijua thamani ya jambo hilo.

Desemba 2021 Serikali ya Zanzibar ilitangaza kwamba visiwa vidogo visivyopungua 10 vimekodishwa kwa wawekezaji, kwa zaidi ya dola milioni 261. Sisi hatuichukii biashara. Mwandishi wa maneno haya anakula kwa mizani ya dukani. Lakini hata sisi wenye maduka twajua: chumba chenye watu ndani hakipangishwi kwa mwingine kabla ya kubisha hodi.

Kwa hiyo, kwa Misali na kwa kila kisiwa kidogo, yatupasa kudai mambo matatu. Mikataba isomwe hadharani, kwa Kiswahili. Haki za wavuvi wa dago ziandikwe ndani yake. Njia za kufikia ufuko na mapango zisifungwe.

Kila tawi lilijadili jambo hili na kuandika azimio. Nawe uliyehamia Ngamiani ukajenga huko, usiseme halikuhusu. Makaburi ya wazee wako yako ng'ambo hii.

Msala haukunjwi ilhali wenyewe wangali wamesimama juu yake.

Wabillahi tawfiq.