Albamu ya Produsa, Marapa Kibao: Ganji Inaishia Kwa Nani?

Skia, msomaji wangu. Kama we ni rapa na keja yako iko mahali kati ya Ruiru na Thika, hii mwaliko utaipata tu, kama bado hujaipata. Produsa fulani wa mtaa anakupigia, anakuambia anapika albamu yake mwenyewe, marapa kumi na tano ndani, na anataka mistari kumi na sita kutoka kwako. Studio hulipi. Unaruka juu kwa furaha, unaandika usiku huohuo, kesho uko kwa maiki.

Na si ati umekosea kuruka. Kwa wasee wa huku, albamu ya aina hiyo ni moja ya form poa zaidi zilizoko. Swali ni moja tu: ngoma ikishika, ganji inaishia kwa nani?

Kwanza tuone kwa nini hii form inafanya kazi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 Ruiru na 251,407 Thika. Ongeza wanafunzi wa JKUAT pale Juja na wa MKU hapo Thika. Masikio yako kibao. Lakini redio kubwa, TV na mapromota wa nguvu wako Nairobi. Superhighway ilifunguliwa 2012 ikafupisha safari, lakini bado ni wewe unapanda 237 ama 145 kufuata interview. Hakuna mtangazaji anapanda mat kuja kukutafuta Makongeni.

Sasa produsa akikusanya mbogi moja, mmoja wa Kiandutu, mwingine Kimbo, mwingine Githurai, kila mtu anakuja na mafans wake. Gharama ni ya studio moja, na kila rapa anaisukuma ngoma kwa status yake. Shabiki alikuja kuskia beshte yake, anaondoka akijua majina mengine matatu. Hiyo peke yako ungeitafuta miaka.

Hii kitu si ya jana. 1992 Dr. Dre alitoa The Chronic, na kijana mmoja aitwaye Snoop Dogg akaskika kwa ngoma kibao mle ndani. Mwaka uliofuata Snoop akadondosha Doggystyle yake, dunia ikamjua. Huku kwetu 2022 umecheza Kuna Kuna hadi ukachoka. Hiyo ni ngoma moja, si albamu, lakini angalia jina la kwanza pale: Vic West, produsa. Fathermoh, Savara, Brandy Maina na Thee Exit Band wanafuata kama wageni. Zamani produsa alikuwa anatajwa tu mwanzo wa biti. Siku hizi yeye ndiye mwenye nyumba.

Lakini kuna upande ule mwingine hatuambiwangi. 1999 Dr. Dre alirudi na albamu ya 2001. Rapa mmoja, Hittman, alikuwa kwa ngoma nyingi sana za ile kazi. Albamu iliuza mamilioni. Ya Hittman mwenyewe? Haikuwahi kutoka kwa lebo ya Dre. Kuskika kwa albamu ya mtu kunaweza kukufungulia mlango, lakini ule mlango bado ni wa mwenye nyumba.

Sasa tuingie kwa sheria. Mimi chuo niliacha katikati, lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 haiitishi digrii, inaitisha tu bando na subira. Inasema mwenye rekodi ya sauti ni yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Kwa albamu ya produsa, huyo ni produsa. Rekodi ni yake hata kama sauti ni yako.

Lakini usife moyo. Mistari uliyoandika ni kazi yako, na kama mtumbuizaji una haki zako pia. Na ili mtu achukue hakimiliki yako yote, lazima kuwe na maandishi yenye sahihi. Maneno ya mdomo pale studio, "hii tumemalizana," hayatoshi. Ila chunga hapa: mtu akikulipa ili umwandikie, sheria inaweza kuhesabu kazi kuwa ya aliyeagiza, kama hamkukubaliana vingine. So ile elfu mbili ya fare na lunch, uliza ni ya nini kabla uiweke mfukoni.

Tufanye hesabu ndogo. Mabadiliko ya sheria ya 2022 yalisema kwa milio ya simu kama Skiza, msanii ama mwenye haki apate si chini ya asilimia 52. Kampuni ya simu 39.5, na yule wa katikati 8.5. Chukua ngoma yenye marapa wanne. Mkikubaliana nusu iende kwa biti na nusu kwa mistari, kwa kila shilingi 100, produsa anapata 26 na kila rapa 6.50. Inaonekana kidogo, lakini ni yako. Msipokubaliana, zile 52 zote zinaingia kwa akaunti ya aliyesajili ngoma, na wewe unabaki kutuma "niaje bro" hadi atiki ikatae kugeuka bluu. Spotify na Boomplay ni vilevile: doo inafuata akaunti iliyopandisha ngoma, na haijui nani alilala kwa kochi la studio siku tatu.

Kuna mfano wa kazi ya wengi iliyoacha kitu mtaani. 2004, Nynke Nauta wa UpToYouToo Foundation alikusanya marapa wa Eastlands, kundi likaitwa Nairobi Yetu, wakatoa Kilio Cha Haki. Mapato yakatumika kujengea wasanii wa Eastlands studio. Pale pesa ilikuwa na mahali pa kwenda.

Kwa hivyo, kabla maiki iwashwe, fungueni grupu ya WhatsApp ya ile ngoma. Andikeni majina halisi, nani aliandika nini, na asilimia ya kila mtu. Kila mmoja ajibu "nimekubali," kisha muiweke kwa karatasi na sahihi. Mistari yako isajili KECOBO, iko mtandaoni. Halafu jiunge na chama kinachokuhusu: PRISK ni ya watumbuizaji, KAMP ya wenye rekodi, MCSK ya watunzi. Hivi vyama na leseni zao zimekuwa na vuta nikuvute, so cheki kwanza ni kipi kina leseni ya KECOBO mwaka huo.

Na wewe produsa unayesoma, usione hii ni vita. Biti ni yako, umeme ni wako, risk ni yako, chukua nusu yako ukiwa umetulia. Lakini albamu ya pili utaihitaji, na wale wasee kumi na tano wanaongea. Mtaa ukijua wewe hulipa, hutawahi kukosa rapa. Ukijua wewe hulipi, utabaki na biti tupu.

Rapa naye, siku ile simu italia, itika ndio. Kisha uliza asilimia.