Maji Yanaporudi Nyuma



Wengi wetu tunaamini kwamba maji ya bomba huenda upande mmoja tu, kutoka tangini hadi kwenye ndoo. Sivyo. Maji hufuata msukumo. Msukumo ukishuka katika bomba kuu, kwa sababu ya mgao, bomba kupasuka au pampu kusimama, bomba hilo huweza kuvuta badala ya kutoa. Mpira uliozamishwa katika hori la kunyweshea ng'ombe, katika pipa la kufulia au katika chombo cha kuchanganyia dawa ya mazao hunyonya vilivyomo na kuviingiza katika bomba la wote. Maji yakirejea, jirani huyakinga na kumpa mtoto wake anywe.

Mwaka 1969, katika Chuo cha Holy Cross, mjini Worcester, Marekani, kikosi cha zimamoto kilivuta maji mengi kuzima moto ulioteketeza nyumba ya karibu. Msukumo ukashuka, na maji machafu yaliyotuama kwenye mabomba ya kumwagilia uwanja yakaingia katika bomba la kunywea wachezaji. Karibu timu nzima ya mpira iliambukizwa homa ya ini, na michezo iliyobaki ya msimu huo ikafutwa.

Sisi wa Ufipa tunakaa juu ya uwanda wenye vilima na mabonde. Msukumo ukipungua, nyumba za mlimani hukauka kwanza, huku za bondeni zikiendelea kuteka na kuvuta maji kutoka juu. Tena tunafuga na kulima palepale tunapoishi, hivyo hori, dawa na bomba hukaa ua mmoja.

Hili ni suala la haki. Mwenye kuni na mkaa wa kutosha atachemsha maji yake. Mjane anayenunua ndoo moja kioskini hana hifadhi hiyo. Anayezamisha mpira hakusudii kumdhuru mtu, lakini uzembe wake humfikia asiyemjua.

Basi, tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zifanye mambo matatu. Kwanza, mdomo wa bomba au mpira usiguse kamwe maji ya chombo. Uachwe juu ya ukingo wake kwa nafasi isiyopungua mara mbili ya upana wa mdomo huo, wala isiwe chini ya sentimita 2.5. Pili, bomba la kisima binafsi lisiunganishwe na bomba la mamlaka. Tatu, bomba linalovuja liripotiwe siku hiyo hiyo, kwani panapotoka maji ndipo tope huingilia.

Nazo mamlaka, SUWASA mjini na RUWASA vijijini, tunaziomba zihimize ufungaji wa valvu za kuzuia maji kurudi nyuma, hasa majoshoni, hospitalini na viwandani, na kuwatangazia wananchi mapema saa za mgao.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa huu unazibwa kwa kuinua mpira kutoka ndani ya ndoo.