Jumuiya Ilivunjika au Ilivunjwa? Majuto ya 1977 na Kauli ya Vyama

Katika misiba ya Temeke na Kinondoni, wasifu wa marehemu mzee unaposomwa, si nadra kusikika kwamba alikuwa mtumishi wa "iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki". Waombolezaji hawahitaji ufafanuzi. Wanafahamu kwamba aliyelala pale alifanya kazi relini, bandarini, posta au katika shirika la ndege; kwamba mwaka 1977 mwajiri wake alitoweka yeye akiwa bado kazini; na kwamba sehemu ya uzee wake ilikwisha katika kufuatilia mafao. Ndipo msomaji wa wasifu anapofikia maneno yaliyozoeleka: "Jumuiya ilipovunjika..."

Kitenzi hicho kimo katika kauli ya kutendeka, kauli isiyodai mtenda. Mtoto aliyeangusha kikombe humwambia mama yake, "Mama, kikombe kimevunjika," wala hasemi kwamba amekivunja. Mama naye, kwa kuwa ni mjuzi wa lugha yake, huuliza papo hapo: "Nani kakivunja?" Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba majuto ya Watanzania kuhusu mwaka 1977 yamekaa kwa zaidi ya miongo minne katika kauli ya mtoto, na kwamba siasa za vyama, kwanza za chama kimoja na kisha za vyama vingi, zimekuwa na sababu nzuri za kutouliza swali la mama.

Yafaa ikumbukwe kwamba Jumuiya haikuwa wazo tu. Mkataba wake ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na kuanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huohuo. Makao makuu yaliwekwa Arusha, nayo mashirika yakagawanywa: bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, reli na ndege Nairobi. Kwa familia nyingi za Kurasini, Jumuiya ilikuwa mshahara wa mwisho wa mwezi.

Matukio yaliyoiangamiza yana vitenzi vyake, na karibu vyote ni vitenzi vyenye watenda. Idi Amin alipindua serikali ya Uganda Januari 1971. Nyerere alikataa kuketi naye mezani, na Mamlaka ya marais watatu haikukutana tena. Fedha za mashirika zilizuiwa zisivuke mipaka. Mwanzoni mwa 1977 Kenya ilianzisha shirika lake la ndege, na ndege nyingi za shirika la pamoja zikabaki Nairobi. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, ikakamata magari na ndege ndogo za watalii zilizokuwa upande huu. Ilipofika mwisho wa Juni, bajeti ya pamoja haikuwa imepitishwa. Walipindua, alikataa, walizuia, walianzisha, walifunga, walikamata. Muhtasari wa vitenzi hivyo vyote, kwa namna ya ajabu, umekuwa "ilivunjika".

Mpinzani wa hoja hii anaweza kusema kwamba kauli ya kutendeka ndiyo ya haki hapa, kwa kuwa watenda walikuwa wengi na hakuna mmoja aliyetosha kulaumiwa peke yake. Pingamizi hilo lina uzito. Tofauti ya faida kati ya Kenya na wenzake ilikuwapo tangu enzi za Mwingereza, na hakuna waziri aliyeibuni. Hata hivyo, wingi wa watenda haufuti utendaji. Kiswahili kina "ilivunjwa", kina "waliivunja", kina hata "walivunjiana" kwa anayetaka kugawa lawama. Aliyeacha njia zote hizo akachukua ile isiyo na mtu amefanya uchaguzi, ajue asijue.

Nafasi ya chama katika jambo hili haijadiliwi vya kutosha. Tarehe 5 Februari 1977 TANU na ASP viliungana na kuzaliwa Chama cha Mapinduzi. Mpaka wa Kenya ulifungwa katika siku zilezile. Wiki moja ilibeba muungano mmoja na mtengano mmoja, lakini ni muungano tu uliopata maadhimisho ya kila mwaka. Mtengano uliachiwa msamiati wa vita vya maneno: kwa Watanzania, Wakenya wakawa "manyang'au". Neno hilo ni zuri kwa mzaha, na pengine litadumu kuliko baadhi ya istilahi zilizobuniwa na kamati. Kazi yake kisiasa ilikuwa kumhamisha mtenda ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo kulikuwa na namna mbili tu za kusema: ama ilivunjika yenyewe, ama waliivunja wao. Nafsi ya kwanza wingi haikuwa na mahali.

Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, ingetarajiwa nafsi hiyo ipatikane. Haikupatikana. Vyama vipya havikuwapo mwaka 1977, hivyo havikuwa na cha kujutia; chama kikongwe kilikuwapo, hivyo hakikupenda kujutia. Majuto yakawa mali ya kila mtu na deni la asiyejulikana.

Deni lenyewe lilikuwa na hesabu. Kwa makubaliano ya Mei 1984 yaliyosimamiwa na msuluhishi wa Uswisi, Victor Umbricht, mali ziligawanywa: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kila nchi ilichukua dhima ya mafao ya raia wake. Tangu hapo mtenda alijulikana kisheria, naye ni serikali. Lakini wastaafu wa Tanzania walifungua kesi Mahakama Kuu mwaka 2003, makubaliano ya malipo yakafikiwa 2005, na hata baada ya hapo kundi kubwa liliendelea kudai kwamba kilicholipwa si kilichostahili. Wazee hao walikusanyika mbele ya Hazina wakiwa na mikongojo na mafaili. Wenye umri huo waliokwisha kufariki waliwakilishwa na warithi, na hapa methali isemayo majuto ni mjukuu iligeuka kuwa taarifa ya kawaida: mjukuu alikuja kweli, na barua ya usimamizi wa mirathi mkononi.

Inafaa kulinganisha na kuondoka kwingine. Zanzibar iliingia katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu Desemba 1992 na kutoka Agosti 1993; Tanzania iliihama COMESA mwaka 2000. Katika yote mawili Watanzania husema "ilijitoa". Kiambishi cha kujirejea kinamweka mtenda waziwazi, na kwa sababu hiyo mjadala ulikuwa na mtu wa kujibu. Suala la Zanzibar lilitikisa Bunge. Wabunge 55 walidai serikali ya Tanganyika. Waliopenda na waliochukia walijua wamkabili nani.

Mkataba mpya wa Jumuiya, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unataja katika utangulizi wake sababu za kifo cha ule wa kwanza: ukosefu wa utashi thabiti wa kisiasa, ushiriki hafifu wa sekta binafsi na asasi za kiraia, na mgawanyo wa faida usio sawa. Zote ni nomino. Hakuna aliyekosa utashi. Utashi wenyewe ulikosekana. Lakini ibara ya 145 ya mkataba huohuo imeandikwa kwa sarufi nyingine. Nchi ikitaka kutoka, sharti bunge lake liazimie kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, kisha itoe taarifa ya maandishi ya miezi kumi na miwili kwa Katibu Mkuu. Mwaka 1977 hapakuwa na kura ya namna hiyo. Katika Bunge ambalo chama kimoja kina zaidi ya theluthi mbili ya viti, kama lilivyokuwa la Tanzania baada ya uchaguzi wa 2020, kura hiyo ingekuwa ya chama hicho, yenye idadi na tarehe.