Nani Aandike Mwisho wa "Rafiki"?

Wasomaji wengi wa Pwani wamepata kusikia habari za sinema iitwayo Rafiki, na wengi wamekwisha kuitolea hukumu. Walioitazama ni wachache. Mimi ni katika hao wachache, na leo naomba niseme neno juu yake, ingawa najua wapo watakaoufunga ukurasa huu kabla sijafika nusu ya njia. Namwomba msomaji anivumilie. Sikuja kutoa fatwa, kwani mimi si sheikh. Wala sikuja kuigeuza dini, kwani dini si mali yangu. Nimekuja kuzungumza juu ya mwisho wa hadithi, na juu ya nani mwenye haki ya kuuandika.

Kwanza nieleze sinema yenyewe. Ilitengenezwa na Bi. Wanuri Kahiu wa Nairobi, naye aliitoa katika hadithi fupi ya Bi. Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iitwayo Jambula Tree, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Wasichana wawili wa mtaa mmoja, Kena na Ziki, wanapendana. Baba zao wanashindania kiti kimoja cha udiwani. Mwenye kibanda cha chakula ana macho makali na ulimi mrefu kuliko macho. Siku ya siku wanafumaniwa, kundi la watu linawapiga, na Ziki anasafirishwa Uingereza. Miaka inapita. Kena amekuwa daktari. Anasikia kuwa mwenziwe amerudi. Mwishoni kabisa mkono unamgusa begani, naye anageuka akitabasamu. Hatuonyeshwi zaidi ya hapo.

Ugomvi uliotokea ulihusu mkono huo. Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya iliipiga marufuku sinema hii tarehe 27 Aprili 2018, siku chache kabla ya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes huko Ufaransa, ambako hakuna sinema ya Kenya iliyopata kuchaguliwa kabla yake. Bi. Kahiu alieleza kwamba alitakiwa aubadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno na haukuonyesha majuto, naye akakataa. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2014 ilipigwa marufuku Stories of Our Lives, sinema ya hadithi tano fupi zisizo na rangi, iliyotengenezwa Nairobi na vijana wa kikundi cha Nest. Lakini katika habari ya Rafiki jambo lililonishika ni hili la mwisho. Maana yake ni kuwa wasichana wale wangeweza kupendana na kupigwa mbele ya macho yetu, ilimradi watoke wamevunjika.

Basi wakili akaenda mahakamani, na tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu akaisimamisha marufuku kwa siku saba, ili sinema ipate kuonyeshwa nchini na kutimiza sharti la kushindania tuzo ya Oscar. Ruhusa ilikuwa kwa watu wazima tu.

Siku hizo saba zilinikuta Kitengela.

Asiyeijua Kitengela nimwambie kuwa ni mji ulio kando ya barabara iendayo Namanga, ukishapita Athi River, katika kaunti ya Kajiado. Zamani palikuwa malisho ya ng'ombe wa Wamaasai na mapito ya nyumbu watokao mbuga ya Nairobi kwenda kusini. Kisha viwanda vya Athi River vikaleta wafanyakazi, wafanyakazi wakataka vyumba, na malisho yakakatwa ploti. Siku hizi ni magorofa, vumbi, mikokoteni ya maji na maduka ya mabati. Wengi wanaoishi pale wametoka kwingine. Kwetu Mji wa Kale, Mombasa, mtu hakuulizi jina lako, hukuuliza u mwana wa nani. Kitengela hukuuliza kama umelipa kodi.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anaishi pale miaka mingi. Nimebadili mambo mawili matatu katika habari yake ili asijulikane, lakini kiini chake sikukigusa. Nilikuwa nimepita kumwamkia tu. Jioni akaniambia, "Mjomba, kesho twende Nairobi ukaone sinema." Nikamuuliza ipi. Akaniambia. Nilinyamaza kidogo, kisha nikasema nitakwenda.

Kulijaa. Vijana walikuwa wakicheka palipochekesha na kunyamaza palipouma. Mpwa wangu hakucheka wala hakusema kitu. Ulipofika ule mkono wa mwisho alijifunika uso kwa viganja viwili, mtu mzima wa miaka karibu arobaini, na taa zilipowashwa nilijifanya natafuta kofia yangu chini ya kiti.

Sikuwa na haja ya kumuuliza, kwani habari yake naijua. Mwaka 1998, akiwa na miaka kumi na tisa, dada yangu aliona barua katika mkoba wake. Ilikuwa ya kijana wa mtaa wa pili, mwenziwe tangu chuoni. Haikuwa na uchafu, ilikuwa na mapenzi. Wakubwa wa nyumba mbili wakakutana baada ya Isha. Hakukuwa na kelele. Sisi ni watu wa heshima. Ikaamuliwa kuwa kijana yule apelekwe Muscat kwa ami yake, na akishapata kazi aozwe. Wetu naye aondoke mjini. Aliyesema maneno "aende bara" ni mimi. Nilidhani nafanya hisani, kwani wengine walitaka apigwe.

Kwa hiyo nilipokuwa nikisoma habari za bodi na ule mwisho iliyoutaka, sikuweza kuwacheka. Nilikuwa nimekwisha kukaa katika bodi kama hiyo, juu ya mkeka, nikinywa kahawa.

Najua msomaji ataniambia: kisa cha watu wa Nabii Lut kiko wazi, na maulamaa wamekwisha kusema. Sikatai. Anayetaka hukumu aende kwa wenye elimu, hatapata kwangu. Sheria ya nchi nayo iko pale: kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kifungo cha hadi miaka 14, na tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kukifuta. Mwaka 2020 mahakama hiyo hiyo iliona kwamba marufuku ya sinema ilikuwa halali. Kesi hizo zina mawakili wake, nami siziingilii.

Ninachouliza ni kitu kingine. Dini hiyo hiyo tunayoitaja kwa sauti kubwa imetukataza kupelelezana, imetukataza dhana mbaya, imetukataza kusengenyana. Anayemshutumu mtu kwa zinaa hutakiwa mashahidi wanne, na asipowaleta yeye ndiye wa kupigwa viboko 80, na ushahidi wake haupokelewi tena. Sitara ni neno letu wenyewe, hatukuletewa na wageni. Je, tumelifanyia nini? Wa Pwani hatujasahau Mtwapa, mwezi Februari 1910 si miaka mingi sana kwa wazee, sembuse Februari 2010! Ulizuka uvumi wa harusi ya wanaume wawili. Watu wakatoka, Waislamu kwa Wakristo, wakiongozwa na hasira. Wakazingira kituo cha afya, watu wakapigwa. Harusi haikuonekana. Walioshiriki siku ile walikuwa na mashahidi wangapi?

Hata lugha yetu imeingia katika dhana hiyo. Mwanamke wa Pwani humwita mwenziwe "shoga" kwa mapenzi safi, wakasukana na kupeana siri. Na neno hilo hilo hurushwa kama jiwe kwa mwanamume. Bi. Kahiu naye alieleza kwa nini aliichagua "Rafiki" iwe jina la sinema yake: watu wa namna hii hawawezi kumtaja mwenzi wao hadharani, basi humtambulisha kuwa ni rafiki. Mpwa wangu alipokuwa kijana alikuwa akisema vivyo hivyo, "Mama, huyu ni rafiki yangu," na dada yangu akimtilia mgeni wali.

Sasa nifike Kajiado, maana ndiko nilikojifunza kitu ambacho sinema haikunifundisha.

Mwaka 2023 nilikwenda tena kumtazama. Huishi Kitengela, lakini kazi yake ni ya hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kajiado, yapata kilomita 50 mbele, ukishapita Isinya. Kajiado ni mji mkavu wa mbuzi na upepo, na reli ya magadi inapita pale ikielekea Konza, hata mizigo ifike kwetu bandarini. Ilikuwa Ijumaa. Tulisali pamoja. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaodhani kuwa mtu kama huyu amekwisha kuitupa dini. Alikuwa safu ya pili, nami nilichelewa nikawa nyuma yake.

Baada ya sala tukaingia hotelini, tukaagiza chai na nyama ya mbuzi. Akaniambia, "Mjomba, yule alikuja."

Alikuwa amerudi kutoka Muscat kwa likizo. Alipata habari za mwenziwe kwa watu, akapanda gari la moshi Mombasa, akateremka Nairobi, akachukua matatu mpaka Kitengela. Miaka ishirini na tano ilikuwa imepita. Walikaa ndani ya chumba kile tangu adhuhuri hata magharibi, wakizungumza juu ya mitaa, maiti na maharusi. Mpwa wangu akasema kuwa ndevu za mwenziwe zina mvi, lakini kicheko ni kile kile. Kisha yule mtu akamwambia kuwa hakuna siku aliyopata kumsahau.

Mimi nikauliza swali ambalo kila mmoja wenu angeuliza. "Na mkewe?"

"Anaye," akasema. "Na watoto watatu. Ndiyo maana nilimpeleka kituoni usiku ule ule."

Nikaweka kikombe chini. Katika baraza letu la 1998 tulizungumza juu ya vijana wawili, aibu ya nyumba mbili, nauli na viza. Hatukuzungumza hata kidogo juu ya msichana ambaye angeozwa ili kuufunga mlango. Hatukumjua, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kuwa dawa ya ugonjwa wa watu wengine. Bibi huyo yuko Muscat. Hana kosa lolote. Amelala miaka yote karibu na mtu ambaye moyo wake uliachwa katika mtaa wa Mombasa, na huenda ameshajiuliza mara nyingi kasoro yake ni nini. Anayesimamia haki yake ni nani? Haikuwa bodi, haikuwa sisi wajomba. Alikuwa ni mtu tuliyemfukuza, katika chumba cha kupanga huko Kitengela.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale waliotaka mwisho wa Rafiki ubadilishwe. Wao wanadhani mwisho wa majuto ungewafunza vijana adabu. Mimi nimeuona mwisho huo katika nyumba, sikuuona katika sinema. Sisi tuliuandika kwa mkono wetu, tukaupiga muhuri wa heshima, na haukumaliza kitu. Penzi halikufa, lilikwenda kukaa kimya, likamwekea mtu wa tatu hesabu asiyoikopa. Sinema inayotuonyesha watoto wakipigwa kisha ikakataa kutuambia kuwa kipigo kiliwaponya, imesema kweli. Nayo ina kasoro zake, nisiifiche: baba wanasiasa wamechorwa kwa haraka, na miaka ya katikati, ile ya kuishi peke yake, imerukwa kana kwamba si kitu. Kumbe hiyo ndiyo mirefu. Ningependa siku moja mtu atengeneze sinema ya miaka hiyo, aipigie picha Kitengela, penye vyumba vya kupanga na vumbi, pasipo aliyefariki wala aliyeozwa mwishoni.

Mzazi anayesoma haya simwambii abadili imani yake. Namwambia asiwe na haraka ya kuandika mwisho. Mtoto akikutwa na barua, mlango usifungwe usiku huo. Asitafutiwe mke wala mume kama mtu atafutiwavyo kidonge, kwani huyo anayeletwa naye ni mtoto wa watu. Na jirani asiambiwe.

Nilipotoka hotelini Kajiado nilimpigia dada yangu simu. Nikamwambia nimesali Ijumaa na mwanawe. Alikaa kimya hata nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Bado ana kifua usiku, kukiwa na baridi?" Nikampa mpwa wangu simu ajibu mwenyewe, nikaenda kusimama kando ya barabara kutafuta matatu.