Pikapu ya Nyumbani: Hesabu Vichwa Kabla ya Magunia

Katika soko la Konyo Konyo mjini Juba pikapu huonekana za kila namna. Zipo zilizopakia magunia ya unga na maharagwe yaliyotoka Uganda kwa barabara ya Nimule, zipo zilizojaa madumu ya mafuta ya kupikia, na zipo zilizorundikwa makaa hadi kupita kimo cha paa la gari. Na aghalabu juu ya mizigo hiyo huwa wameketi watoto, mmoja ameshika kamba, wengine wameshikana wao kwa wao. Gari ni la familia, na familia yenyewe imekosa nafasi ndani yake.

Dereva ndiye hulaumiwa, lakini chanzo hasa ni siku ile gari liliponunuliwa. Mnunuzi alitazama injini, akapiga teke mipira, akaulizia bei ya mafuta, kisha akachagua bodi ndefu kwa kuwa ndefu ni bora kuliko fupi. Hakuna aliyeuliza watu wa nyumba ile ni wangapi.

Pikapu za kawaida, kama Toyota Hilux na wenzake, hutengenezwa kwa namna tatu. Ya kwanza ina kebini moja: milango miwili na nafasi ya watu wawili, au watatu wakibanana. Bodi yake ina urefu wa takribani mita 2.3. Ya pili ina kebini na nusu, yaani nyuma ya kiti cha dereva kuna viti vidogo vya kukunja, na bodi imepunguzwa kuwa kama mita 1.8. Ya tatu ina kebini mbili, milango minne na nafasi ya watu watano, na bodi yake ni ya mita 1.5 au kuzidi hapo kidogo. Jambo la kukumbukwa ni kwamba urefu wa gari zima haubadiliki sana, kwani zote tatu hukaribia au kuzidi mita 5. Nafasi anayopewa abiria imekatwa kutoka kwa gunia, na nafasi ya gunia imekatwa kutoka kwa abiria.

Na uchukuliwe mfano wa nyumba moja, ambayo mfano wake si adimu mjini Juba. Baba ni askari polisi. Mama ana meza ya unga na maharagwe Konyo Konyo, na kila juma hununua magunia kumi ya kilo 50. Watoto ni watatu, wote wanasoma. Fedha za gari zimewekwa kwa miaka mingi, na zikitumika vibaya hazitapatikana nyingine upesi.

Mama anasema, "Baba watoto, tuchukue ile ndefu. Ile fupi magunia yangu yatakaa wapi?" Swali hilo ni la haki, na linastahili kujibiwa kwa hesabu. Bodi ya mita 1.5 kwa urefu, na karibu mita 1.5 kwa upana, yenye kuta za nusu mita hivi, ina ujazo unaozidi mita moja ya ujazo. Magunia kumi ya unga au maharagwe hayafikii kiasi hicho. Kwa hiyo yataingia yote, na nafasi itabaki.

Kinachokwisha mapema zaidi ni uzito. Pikapu nyingi za aina hii huruhusiwa kubeba tani moja au pungufu, na zile za kebini mbili aghalabu huruhusiwa kidogo kuliko zile za kebini moja, maana milango na viti vya ziada navyo vina uzito wake. Tena katika kiwango hicho abiria nao wamo, jambo ambalo wengi hulisahau. Ikiwa gari linaruhusiwa kilo 850, na baba ana kilo 80, mama 70, na watoto watatu kilo 40 kila mmoja, basi kilo 270 zimekwisha kutumika kabla ya gunia la kwanza kupandishwa. Zinabaki 580. Magunia kumi yatachukua 500. Yakiongezwa madumu mawili ya mafuta ya lita 20, gari limeshiba, hata kama jicho linaona nafasi tupu. Pipa la maji la lita 200 haliwezi tena kuingia humo, kwa sababu maji yake peke yake yana kilo 200.

Hesabu hiyo yafaa ifanywe na kila mnunuzi kwa takwimu za gari lake mwenyewe. Kiwango cha uzito huandikwa katika kitabu cha gari, na mara nyingi katika kibati kilichopigiliwa kwenye fremu ya mlango. Anayeuza gari bila kukionyesha kiwango hicho asiaminiwe kwa maneno matupu.

Namna ya kupanga mzigo nayo hutofautiana. Katika pikapu ya kebini mbili sehemu kubwa ya bodi imekaa juu ya ekseli ya nyuma na nyuma yake. Magunia yakirundikwa karibu na mlango wa nyuma, pua ya gari huinuka na usukani huwa mwepesi mno, hata dereva akikata kona gari husitasita kumtii. Sharti mzigo mzito ulazwe mbele, ukiegemea ukuta wa kebini, na vitu vyepesi viwe nyuma. Gari tupu nalo lina hatari yake: nyuma huwa jepesi, na katika miezi ya mvua za Juba, kuanzia Aprili hadi Oktoba, huteleza katika matope ya vichochoro kama sabuni kwenye sahani.

Bodi ndefu inafaa wapi, basi? Inafaa kwa kitanda cha futi 6, yaani mita 1.83, ambacho hakilali ndani ya bodi fupi ila mlango wa nyuma uteremshwe. Inafaa kwa mbao na mianzi, ingawa hata mita 2.3 hazitoshi bati la futi 10, ambalo hupita mita 3. Lakini nyumba ya kawaida huhama mara ngapi kwa mwaka, na hununua bati mara ngapi? Kwa siku hizo chache ni nafuu kukodi lori. Si busara kununua gari kwa ajili ya siku moja ya mwaka, kisha kuwanyima watoto kiti kwa siku nyingine zote.

Kebini na nusu huwavutia wengi kwa sababu inaonekana kuwa suluhu kati ya mume na mke. Kwa kweli ni gari la mtu mwenye vifaa vya kazi anavyotaka kuvifungia, au la mzazi mwenye mtoto mmoja mdogo na safari fupi. Viti vile vya kukunja humbana mtu mzima magoti, na katika baadhi ya magari ya namna hiyo mlango mdogo wa nyuma haufunguki mpaka ule wa mbele ufunguliwe kwanza. Mtoto aliye huko nyuma, ajali ikitokea, humtegemea mwingine ili atoke. Kwa nyumba ya watu watano, suluhu hiyo ni ya karatasini.

Juba ina jambo jingine la kupimwa, nalo ni upande wa usukani. Sudani Kusini magari huenda kulia kwa barabara, ilhali Uganda, Kenya na Tanzania huenda kushoto. Pikapu nyingi zilizotumika, zinazotoka Japani na kupitia Mombasa na Kampala, zina usukani upande wa kulia. Zikifika Juba, dereva huketi upande wa ukingo wa barabara, na mlango wa abiria wake hufunguka upande magari yanakopita. Katika kebini moja abiria hana njia nyingine ya kushukia, ila asubiri dereva ashuke kwanza. Katika kebini mbili watoto huweza kushushwa kwa mlango wa nyuma wa kulia, na kifungio cha watoto cha mlango wa kushoto kikaachwa kimefungwa daima. Katika barabara ya lami ya kilomita 192 kati ya Juba na Nimule, iliyokamilika mwaka 2012, dereva wa gari la namna hiyo hawezi kuona vema kinachokuja mbele ya lori analotaka kulipita. Anayelipata gari lenye usukani wa kushoto kwa bei isiyopita uwezo wake, na alichukue hilo.

Askari wengine husema kwamba wao wenyewe wamesafiri miaka nenda miaka rudi migongoni mwa pikapu na hawakudhurika. Ni kweli kwamba gari hili limejipatia sifa vitani; mapigano ya Chad na Libya ya mwaka 1987 yameitwa Vita vya Toyota kwa sababu ya pikapu ambazo majeshi ya Chad yaliendea jangwani. Lakini askari yule ni mtu mzima aliyefunzwa, ana mahali pa kushika, na anakwenda kwa amri. Mtoto wa miaka saba aliyesinzia juu ya gunia hana lolote kati ya hayo. Breki moja ya ghafla, kwa ajili ya bodaboda iliyokatiza, yatosha kumtupa barabarani.

Kwa nyumba ile ya mfano, basi, inayofaa ni kebini mbili na bodi fupi, mikanda yote mitano ikiwa inafanya kazi, na turubai imara la kufunika unga wakati wa mvua. Kama watoto wangekuwa wanne, jibu lingebadilika, kwa sababu watu ni sita na viti ni vitano. Hapo familia ingechagua moja kati ya mawili: ama gari la abiria lenye viti saba, na magunia yakodiwe usafiri wake, ama pikapu ya kebini moja kwa ajili ya biashara ya mama tu, na watoto waende shule kwa miguu au kwa basi. Jibu la tatu, la kumweka mmoja nyuma, halimo.

Siku ya kwenda kununua, mama naye aende, tena achukue futi ya kupimia na watoto wote. Wote waketi ndani, milango ifungwe, mikanda ivutwe. Bodi ipimwe kwa ndani, si kwa nje, na upana upimwe pia kati ya vifuniko vya magurudumu, mahali ambapo huwa ni kama mita 1.1 tu. Kisha fundi ainame chini atazame chasisi nyuma ya kebini: penye alama za kuchomelewa, pengine bodi ilirefushwa baadaye au gari limewahi kuvunjika kwa kuzidishiwa mzigo, na gari hilo liachwe hapo hapo lilipo.