Masaji ni biashara, mteja ajue anachonunua

MNUNUZI wa viazi katika soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, hatoi fedha kabla gunia halijafunuliwa. Hutazama viazi vya juu, akapekua vya chini na kuuliza vimechimbwa lini. Lakini mtu huyo huyo akiumwa mgongo na kwenda kufanyiwa masaji, hulala kitandani bila kuuliza hata swali moja.

Kuchua mwili si jambo geni kwa Watanzania. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto, na mchezaji wa mpira huchuliwa misuli. Tofauti ni kwamba sasa huduma hiyo inauzwa, na kila kinachouzwa lazima kikaguliwe.

Wanaoihitaji ni wengi. Wapo wapagazi wanaobeba lumbesa, ujazo ambao sheria ya vipimo inaukataza lakini migongo yao ndiyo inayoulipia. Wapo wakulima wanaoinama na jembe kutwa nzima. Wapo pia wafanyabiashara wanaokaa kwenye basi kwa zaidi ya kilomita 800 kufuata bidhaa Kariakoo.

Mchuaji anayeijua kazi yake huanza na maswali, si mafuta. Atauliza maumivu yako wapi na yalianza lini, kama mteja ana shinikizo la damu au kisukari, kama amewahi kuvunjika, kama ni mjamzito, na kama kuna mafuta yanayomdhuru ngozi. Bei na muda hutajwa hapo hapo, kwa kawaida nusu saa hadi saa moja. Asiyeuliza lolote anafanya kazi ya kubahatisha.

Baada ya hapo mteja huachwa peke yake avue nguo kwa kiasi anachoridhia mwenyewe, kisha hufunikwa shuka safi. Hufunuliwa sehemu inayochuliwa tu. Sehemu za siri haziguswi. Mteja ana haki ya kuchagua ahudumiwe na mwanamume au mwanamke, na kusimamisha huduma wakati wowote. Mchuaji naye ana haki ya kukataa mteja asiye na adabu. Wanaouza mambo mengine kwa jina la masaji ndio wanaoichafua kazi hii.

Wengi huamini kuwa masaji isiyoumiza haifanyi kazi. Si kweli. Mkono huanza taratibu na kuongeza nguvu kadiri misuli inavyolegea, na mteja akisema anaumia, nguvu hupunguzwa. Uchovu wa misuli kwa siku moja au mbili ni wa kawaida, kama ule wa siku ya kwanza ya kulima. Maumivu makali yanayozidi si ya kawaida.

Ikumbukwe kuwa masaji hulegeza misuli, haiungi mfupa wala haitibu maradhi ya ndani. Msafiri ambaye mguu wake mmoja umevimba, una joto na unauma baada ya safari ndefu asichuliwe, kwani huenda damu imeganda kwenye mshipa na bonge hilo likisogea hadi kwenye mapafu linaweza kuua. Vivyo hivyo mwenye maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi miguuni au kushindwa kuzuia mkojo. Hao wote waende hospitali haraka.

Wenye biashara hii wasiyaone masharti haya kuwa mzigo. Bei ikibandikwa ukutani, shuka zikabadilishwa kwa kila mteja na mgonjwa akaelekezwa hospitali badala ya kuchukuliwa fedha zake, sifa itasambaa sokoni bila tangazo.

Mkulima naye asione haya. Fedha anayolipa ameitolea jasho shambani, na mwili anaoukabidhi ndio mtaji wake wa msimu ujao. Aulize kwanza, ndipo alale kitandani. Kuuliza si ujinga.